Jumamosi ya Kumtafuta Antoni wa Mama

Mtaa wa Rozari, nyumba namba 41,
Resende Costa,
Minas Gerais.

Jumapili, 23 Aprili 2023

Mpendwa mdogo wangu Ivonete,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wa shemeji Osmar umepoa tangu theluji iishe na koleo lirudi stoo. Je, Jussara amepata matokeo ya mtihani wake wa uuguzi? Na wewe bado unafua mashuka ya hoteli kwa zamu mbili, au ulitimiza ulichosema ukaacha moja?

Huku hatujambo. Goti langu la kushoto huuma tangu alfajiri na kuacha saa nne, kama karani wa manispaa anapotoka kunywa kahawa. Efigênia ni mzima na anakusalimu. Bado anakuja kila siku ingawa mama hayupo tena wa kutunzwa. Anasema anakuja kulisha kuku, lakini kuku wamebaki wawili. Baridi imeanza mapema mwaka huu, na sukuma wiki imestawi bustanini kuliko tunavyoweza kula.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Umepata karatasi za kukuruhusu kutoka huko na kurudi, na unafika Jumatano, tarehe 7 Juni. Nimeizungushia duara kwenye kalenda ya duka la dawa. Nilifurahi, Nete. Kisha nikafika pale unaposema, "Kaka, nipangusie altare ya mama. Mtoto Yesu ninaye. Sikukuu ya Antoni namrudisha mwenyewe, kwa mkono wangu, kama nilivyoahidi." Hapo nilizima simu nikaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni.

Antoni wa mama, yule mtakatifu wa mbao, hayupo. Aliyeko kwenye altare ni mwingine. Nilimtoa mimi.

Ninaandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nilishakudanganya, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mtoto wa Marinalva anasafiri Alhamisi kuja huko Framingham. Atakukabidhi bahasha hii mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Nitaeleza kama nilivyokuwa nikieleza gazetini: lini, wapi, nani, nini. Kwa nini, nitaiweka nyuma, maana ndiyo inayoniaibisha kuliko zote.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 13 Septemba mwaka jana. Saa nne asubuhi gari dogo jeupe lilisimama mlangoni. Akashuka Gervásio wa São João. Wewe humjui, alianza kazi hii baada ya wewe kuondoka. Huzunguka mashambani akikusanya vitu vya kale na kuvipeleka kwenye maduka ya Tiradentes: makabati, mizani, kengele za ng'ombe, na watakatifu.

Biashara hiyo naijua kuliko anavyoijua yeye. Mwaka 1994 niliandika makala nne juu yake. Nilieleza jinsi wanavyoingia nyumbani kwa mjane, wanaomba kahawa kwanza, wanasifu jiko la kuni, wanaulizia wagonjwa, kisha wanamwona mtakatifu kana kwamba hawakumjia yeye. Neno kununua halitamkwi. Kwetu mtakatifu hanunuliwi wala hauzwi, hubadilishwa tu, hata aliyetoa fedha husema amebadilisha. Ndiyo maana hubeba watakatifu wapya wa plasta kwenye buti la gari. Mjane anabaki na wa plasta anayeng'aa, wao wanaondoka na wa mbao wa miaka mia mbili. Hayo niliyaandika kwa jina langu. Mama aliyakata makala yote manne akayahifadhi kwenye kopo la biskuti. Yamo hadi leo.

Gervásio akanywa kahawa. Akasifu jiko. Akaulizia hali ya mama, aliyekuwa amelala chumbani. Nilikuwa nahesabu hatua zake, na hakuruka hata moja. Ndipo akainua macho kwenye altare.

"Bwana Adelmo, huyu mzee wako dumuzi wamemla mpaka wameshiba, wakamwacha."

"Huyo si wa kubadilishwa," nikamwambia.

"Nani kasema kubadilisha? Mimi namhurumia tu. Unga wote ule chini ni yeye. Krismasi ikifika atakuwa wa kuzolewa."

Efigênia alikuwa mezani anachambua maharage. Akadakia, "Namzoa kila siku. Siku nikikosa sukari nitawakorogea yeye kwenye kahawa."

Gervásio akacheka, akaenda garini, akarudi na Antoni mpya amemkumbatia kama mtoto mchanga. Joho la kahawia linang'aa, mashavu mekundu kama ametoka kukimbia, na Mtoto Yesu ameketi juu ya kitabu mkononi mwake, wote wawili kipande kimoja cha plasta.

"Huyu dumuzi hamgusi. Na mtoto wake anaye. Wa kwenu mtoto mmempeleka wapi?"

"Yuko Marekani," akasema Efigênia.

"Hata yeye!"

Tulicheka wote watatu. Nikasema haya, mchukue. Akamfunga Antoni wa mama kwenye blanketi la farasi na kuondoka. Kutoka kikombe cha kwanza hadi mlango wa gari kufungwa, hazikuzidi dakika arobaini.

Sasa jioni yake.

Huhitaji kukumbushwa asubuhi ya Juni 2003, lakini nitaiandika ili kila kitu kiwe mahali pamoja. Basi lilikuwa linakungoja. Ulifungua milango ya kabati la altare, ukamchomoa Mtoto mkononi mwa Antoni, pamoja na kile kijiti chake cha mbao kinachomshikilia kwenye kitabu cha Antoni, ukamfunga kwenye leso. Wasichana wa huku humfanyia hivyo Antoni wakitaka mume: humnyang'anya Mtoto mpaka alipe. Wewe mume ulikuwa naye. Ukamwambia kwa sauti iliyosikika barabarani, "Nipe njia ya kurudi kwa mama, utampata mwanao. Usiponipa, kaa hivyo hivyo na mkono mtupu!" Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Akakuambia, "Taratibu, mwanangu, asije akaudhika."

Tangu siku hiyo, kila jioni mama alitia mkono kwenye altare na kupapasa kile kitabu. Kitupu. Alifanya hivyo akiwa bado anaona, akaendelea macho yalipofifia, na mwishoni, alipokuwa haoni ila mwanga wa dirisha, vidole vyake vilijua njia vyenyewe. Miaka kumi na tisa. Mimi niliyajua haya yote, Nete, siku niliyosema, "Haya, mchukue." Nilidhani atagusa pindo tu, maana mkono ulishakuwa dhaifu.

Jioni ile vidole vilipanda joho, vikafika kwenye kitabu, vikakuta mguu wa Mtoto. Vikasimama.

Kisha akapapasa mguu ule, tumbo, kichwa. Polepole, kama mtu anayesoma.

"Amefika lini?" akaniuliza.

"Nani, mama?"

Akageuka kunielekea. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu baba alipokuwa hai. "Haya," akasema, "nichezeeni tu. Na mzee mmemsafisha pia, amekuwa laini."

Neno moja lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, "Mama, kahawa inapoa."

Asubuhi yake alimwambia Efigênia aoke mikate ya jibini maradufu. Akaagiza yale mashuka yaliyotariziwa yatolewe sandukuni yatandikwe kitanda chako. Akavaa gauni la bluu. Akaketi sebuleni akielekea mlango wa chumba chako, na kila sakafu ilipolia alitabasamu. Mama aliamini umo ndani ya nyumba, na kwamba sisi wawili tunakuficha ili kumshtukiza.

Jumapili ile ulipiga simu. Unakumbuka alivyokuuliza, "Nete, unapiga kutoka chumba gani?" Ukadhani anatania. Akasema, "Toka basi, mikate inakauka." Ukaniomba simu. Nikatoka nayo uani, nikasimama karibu na tangi la kufulia, nikakuambia akili zimeanza kumtoka mama. Ulilia. Ukauliza kama daktari ndiye aliyesema. Nikasema ndiyo, daktari.

Daktari hakusema hivyo. Daktari alisema moyo. Akili ya mama haikutoka hata siku moja. Aligusa, akakuta Mtoto karudi. Aliyeondoka naye ni wewe, na uliapa kumrudisha kwa mkono wako. Basi umerudi. Nimefanya kazi na wahariri ishirini, na hakuna hata mmoja ambaye angefikia jibu jingine kwa ushahidi ule. Ushahidi ndio ulikuwa wa uongo, na aliyeupeleka ni mimi. Kisha nikamwita aliyeufuata kichaa.

Aliendelea kungoja hadi Jumatano, tarehe 5 Oktoba. Hayo mengine nilikwisha kukuambia, na yalikuwa kweli: alifariki alfajiri, hakuteseka. Siku mbili kabla alinipa ujumbe wako. Sikuufikisha. Nitaufikisha kwenye barua hii, ila kwanza nimalize yangu.

Baada ya matanga watu walikuwa wanaingia kusali mbele ya altare. Niliogopa atakayeuliza Mtoto ametoka wapi, nami nilijua ipo siku utakuja. Nikachukua kisu cha jikoni nikamkata Mtoto wa plasta. Alitoka na vidole viwili vya mtakatifu. Efigênia alikuwa mlangoni na ndoo.

"Wa kwanza umemfukuza," akasema, "na huyu umemfanya kilema. Wa tatu utamfanyaje, Bwana Adelmo?"

Akaenda zake kulisha kuku. Hajawahi kulirudia jambo hilo, na hajawahi kunisaidia kulisahau.

Kwa nini, basi. Ningependa kuandika kwamba Gervásio alinilaghai, lakini sikulaghaiwa. Ningependa kuandika dumuzi, lakini dawa ya dumuzi inauzwa duka la pili kutoka hapa. Kila jioni mama alipopapasa mkono ule mtupu alitaja jina lako, kisha akasema, "Adelmo, funga mlango wa jikoni." Miaka kumi na tisa nilimwogesha, nilimsomea, nilimkata kucha, na katika sala yake ya jioni mimi nilikuwa wa mlango. Nilichoka na mkono mtupu wa Antoni. Gervásio aliponionyesha mwingine mwenye mkono uliojaa, nilitaka kuona jioni moja mama akipapasa bila kukutaja. Hiyo ndiyo sababu. Nina miaka sitini na saba. Nimeiandika mara nne na kuipunguza kila mara, na haipungui zaidi ya hapo.

Sasa mpango, maana siwezi kukuletea aibu mikono mitupu.

Nilimwendea Gervásio tarehe 12 mwezi huu. Alinikumbuka upesi. "Yule wa mkono mtupu? Huyo alinisumbua! Miezi mitatu nazunguka naye garini. Antoni asiye na Mtoto haondoki, mzee wangu. Watu wanajua kuna mtu mahali bado anaomba, nani atake kuingilia kesi ya mwenzake?" Mwezi Desemba alimpitisha, pamoja na viti viwili, kwa dereva mwenye lori la kijani anayepelekea maduka matatu: duka la mwanamke mwenye mbwa wa miguu mitatu nyuma ya kanisa kubwa pale Tiradentes, duka la makabati karibu na chemchemi, na banda moja kwenye barabara ya Bichinho. Lipi kati ya hayo, dereva hakumbuki. Nilipokuwa natoka Gervásio akaniambia, "Ila uwe macho. Siku hizi wakichoka kungoja humchongea mtoto mwingine."

Jana, Jumamosi, nilikata tiketi ya basi la saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nilikuwa nimepanga niende peke yangu, nimtafute, nimrudishe kimyakimya, na wewe ufike umkute mahali pake, usijue kamwe. Nilikaa kituoni nikiwa na yule wa plasta kwenye mfuko wa sokoni. Nikiwa pale nilijiuliza swali ambalo ningemuuliza mtu mwingine yeyote: utamjuaje? Antoni wa mbao wamejaa kule. Nikaona wazi nitakachofanya. Nisipompata wetu, ningechukua anayefanana naye, ningemweka altareni, na tarehe 13 Juni, sikukuu yake, ningesimama kando yako nikitazama ukimkabidhi Mtoto mgeni. Ningefanya hivyo, Nete. Nilijijua. Basi likaja, likaondoka, nikarudi nyumbani nikatafuta karatasi.

Kwa hiyo naomba twende pamoja, Jumamosi ya tarehe 10 Juni, siku ya tatu tangu ufike. Alhamisi ya tarehe 8 ni sikukuu ya Ekaristi, mji utajaa wageni kuanzia hapo hadi Jumapili, na wiki hiyo wenye maduka hutoa nje hata vile vya stoo. Kama bado yupo, atakuwa ametolewa.

Basi la saa kumi na mbili na dakika arobaini hadi São João, hapo tubadilishe, saa mbili na nusu tuko Tiradentes. Vaa viatu bapa, mawe ya barabara ni yale yale. Efigênia ameahidi keki ya mahindi na kahawa kwenye chupa, tusipoteze muda kukaa hotelini. Tuanze na mwanamke wa mbwa, maana hufunga adhuhuri akienda kula. Kisha chemchemi. Bichinho tutachukua gari la kukodi, maana goti langu halifiki.

Alama zake nimeziandika kama ninavyozikumbuka. Pindo la joho upande wa kushoto limeungua, ule mshumaa wa siku za mafuriko. Chini ya kitako kuna kiraka cha bati alichopigilia baba, kilichokatwa kwenye kopo la jemu ya mapera, na ukikigeuza kwenye mwanga bado unaona nusu ya tunda. Wanaweza kuwa wamekibandua. Wanaweza kuwa wamepaka rangi pindo. Wasichoweza kubadilisha bila kumpasua ni tundu la kwenye kitabu. Kijiti cha Mtoto wetu ni cha pembe tatu, unakumbuka? Wachongaji wengine hutengeneza cha mviringo. Nitabeba tochi. Mtoto akiingia na kukaa bila kucheza, ni yeye. Asipokaa, tutaaga na kutoka, hata awe amefanana naye kiasi gani, na hapo wewe ndiye utakayeamua, mimi sitasema neno.

Usimtume Mtoto kwa posta, na usimweke kwenye begi linaloenda chini ya ndege. Mfunge kwenye soksi, akae kwenye mkoba wako. Na ndani ya duka usimtoe mapema. Ukimtoa kabla ya kuona, kila mwenye duka atakuwa na Antoni wa mama yako.

Nami nitambeba huyu wa plasta. Nilimtoa mtakatifu nikapokea mtakatifu, sasa natoa huyu kuomba yule. Najua hakuna atakayemkubali na vidole vyake viwili vimekatika. Nitamweka juu ya meza hata hivyo, na nitamwambia mwenye duka vilikatikaje. Watakachotaka juu yake nitakitoa mimi. Hilo usilizungumzie.

Ikiwa hutaki kwenda nami, nitakuelewa. Mpango wote uko hapa, uchukue, uende na Efigênia. Yeye ni mjuzi wa kuomba kupunguziwa kuliko mimi, na mbwa humpenda. Mimi nitabaki kufunga mlango wa jikoni.

Na tusipompata, sitakuambia tumejaribu. Mtoto atakaa kwako, nami nitaendelea kwenda kila Jumamosi goti likiniruhusu. Gervásio mwenyewe alisema mtakatifu wa namna ile haondoki upesi.

Sasa ujumbe wa mama. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Oktoba, baada ya chakula cha mchana. Wiki tatu mlango wako haukufunguka, na alikuwa ametafuta sababu mpaka akaipata. Aliniita niiname, kwa sababu hakutaka usikie kutoka chumbani. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza:

"Mtoto huyu ana aibu. Amekawia miaka yote hii, sasa anaona haya kutoka. Nenda kamwambie sina hasira naye. Mwambie aliyerudisha alichochukua haulizwi alikuwa wapi. Atoke tu, tule."

Nilisimama mbele ya mlango wa chumba chako kama dakika tano, ili asikie nimekwenda. Kisha nikarudi nikamwambia nimesema.

Hayo ni yako, Nete, nimeyachelewesha miezi sita. Mimi bado sijarudisha.

Nisalimie Osmar, mwambie zile ndoano za kuvulia alizoacha bado ziko kwenye kopo lake, hazijaguswa. Nisalimie Jussara, na umwambie mjomba wake anamwombea kwa mtihani. Marinalva na jirani yetu Tiana wanakusalimu. Kitanda chako kimetandikwa, ni yale yale mashuka ya mama. Sijayatoa tangu alipoyaagiza.

Mungu akulinde angani na barabarani, akufikishe salama, na akupe moyo wa kunitazama utakaposhuka kwenye basi.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ninayeona haya mbele yako,

Adelmo